Casio F-91W kwa anayehesabu saa za Kiswahili: inafaa, ila ina mitego yake

Ukishuka kutoka Mnara wa Saa kuelekea Soko Kuu la Arusha, hukosi meza ya saa za mkononi: za mishale, za namba, za kumeremeta, na katikati yake kile kijisaa cheusi cha plastiki chenye mstari wa bluu kuzunguka kioo. Hiyo ndiyo Casio F-91W. Ilitoka mwaka 1989 na mpaka leo umbo lake ni lile lile: gramu 21, unene wa milimita 8.5, vitufe vitatu, mkanda wa plastiki. Sifa zake zimeandikwa sana, lakini na watu ambao kwao saa moja asubuhi ni usiku mnene. Sisi tunaipima kwa mkazi wa Arusha au Moshi ambaye mkononi inasoma 7:45 na mdomoni anasema "saa mbili kasorobo".

Kwa mtu huyo saa hii ni nzuri, na kwa kazi moja inaishinda saa ya mishale: unaweza kuipanga isome saa za Kiswahili moja kwa moja, usitoe wala kujumlisha. Ila kuna namna mbili za kuipanga, na ukichukua isiyokufaa itakudanganya tarehe kila siku, na alamu italia jioni badala ya alfajiri.

Neno saa lilikuja na mzigo wake. Ni la Kiarabu, na huko pia lina sura kadhaa: kipindi cha dakika 60, chombo cha kupimia, tena ile Saa ya Kiyama. Kiswahili kikashika zile mbili za mwanzo, ndiyo maana mtu husema "saa yangu iko nyuma nusu saa" na hakuna anayemshangaa. Dakika nayo ni ya Kiarabu, yaani kitu chembamba, kidogo. Na kasorobo ni kasoro na robo zilizoshikana. Kwenye namba ndipo lugha mbili zinapoketi pamoja: moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, bali sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Kwa hiyo "saa sita" ni Kiarabu kitupu, na "saa nne" ni nusu kwa nusu.

Hesabu yenyewe inafuata jua. Saa ya kwanza ni ile inayofuata kukucha, na saa ya kwanza ya usiku ni ile inayofuata kuchwa. Waganda nao wana essaawa yao inayohesabiwa vivyo hivyo, na Waethiopia pia huhesabu kuanzia asubuhi. Karibu na ikweta hesabu hii haina taabu, kwa sababu mchana haurefuki wala haufupiki sana. Arusha, iliyo nyuzi 3 na kidogo kusini ya ikweta, mchana wake mfupi kabisa ni kama saa 11 na dakika 55, na mrefu kabisa ni kama saa 12 na dakika 20.

Saa ya mishale hukuruhusu kudanganya kwa jicho. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, unasoma namba iliyo upande wa pili, 1, na yamekwisha. Saa ya namba haina upande wa pili. 7:45 ni 7:45, na kazi ya kupunguza sita inabaki kichwani mwako. Wengi wameshazoea wala hawaioni kuwa ni kazi. Lakini kwa mtoto anayejifunza kusoma saa, au mzee asiyetaka hesabu, kuipanga upya kunasaidia.

Vitufe kwanza. Juu kushoto pameandikwa LIGHT, chini kushoto MODE, na kulia kuna kimoja tu, cha alamu na cha kubadili saa 12 kuwa 24. Ukiwa kwenye saa ya kawaida, bonyeza MODE mara tatu: unapita alamu, unapita saa ya kupimia mbio, unafika kwenye kupanga, na sekunde zinaanza kumweka. Weka karibu simu inayopokea saa kutoka mtandaoni. Sekunde za simu zikigonga sifuri, bonyeza kitufe cha kulia. Angalia hapa: ukibonyeza wakati sekunde za mkononi ziko kati ya 30 na 59, saa hurudi sifuri na kuongeza dakika moja. Haijaharibika, imekadiria kwenda juu. Kisha LIGHT inakupeleka kwenye saa, halafu dakika, mwezi, tarehe, na siku ya juma. Kila mahali kitufe cha kulia ndicho kinachosogeza namba mbele, ukikishikilia kinakimbia. Hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo ukiipita namba yako itakubidi uzunguke mpaka uifikie tena. Ukimaliza, MODE.

Sasa kwenye saa yenyewe. Tuseme ni saa moja asubuhi, simu inasema 7:00. Unataka mkononi isome 1:00. Lakini 1:00 zipo mbili ndani ya siku ya saa hii: moja haina alama, na nyingine ina ile alama ndogo ya alasiri, PM. Kioo kitaonyesha 1:00 zote mbili, dakika zitakwenda sawa, na mtu wa kando hataona tofauti yoyote. Tofauti iko kwenye usiku wa manane wa saa, yaani pale inapogeuza tarehe.

Ukichukua 1:00 isiyo na alama, saa inakuwa nyuma ya simu kwa saa sita. Tarehe itageuka saa kumi na mbili asubuhi, na alama ya alasiri itakuwa inawaka tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa maneno mengine, alama imekuwa ya usiku. Ukichukua 1:00 yenye alama, saa inakuwa mbele kwa saa sita: tarehe inageuka saa kumi na mbili jioni, na alama imekuwa ya mchana.

Namna hii ya pili inapendeza kwa anayejua siku ya zamani ya Waswahili, ambayo huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwa hesabu hiyo ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni. Ukiipanga hivyo, Alhamisi ikifika saa kumi na mbili jioni kioo kinatoka TH kinakuwa FR, kama wazee walivyohesabu. Kwa anayefuatilia Ramadhani ina maana: tarawehe ya kwanza huswaliwa usiku unaotangulia funga ya kwanza, na saa yako itakuwa tayari imeshahamia siku hiyo.

Lakini kwa maisha ya mjini tunapendekeza namna ya kwanza. Sababu ni hii: jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa sita usiku, watu bado wanaandika risiti, wanatuma pesa kwa simu, wanajaza daftari la duka. Saa iliyokwishahamia kesho itawakosesha tarehe. Iliyo nyuma inakosea kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi tu, wakati wengi wamelala. Anayepaswa kujihadhari ni msafiri wa basi la alfajiri. Akiwa stendi saa kumi na nusu usiku, tiketi inasema tarehe 15 na mkono unasema 14. Tiketi ndiyo sahihi.

Na tukiwa kwenye tiketi: iliyoandikwa kwa mkono "saa 12:00 asb" na iliyochapwa na mtandao "06:00" ni muda ule ule. Inayosumbua ni iliyoandikwa "6:00" tupu. Hiyo uulize kabla hujaondoka dirishani, kwa sababu inaweza kuwa sita ya mchana au kumi na mbili ya asubuhi. Kwa anayekwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, hakuna mjadala, ndege zinaandikwa kwa saa 24 za Kizungu. Hapo soma simu, mkono uuache.

Alamu ndiyo mtego mkubwa. Nayo ina nusu mbili za siku, na inafuata mpango uliouchagua. Unataka kuamka saa kumi na moja alfajiri? Kama uliiweka nyuma, namna ya kwanza, alamu iwe 11:00 yenye alama. Kama uliiweka mbele, iwe 11:00 isiyo na alama. Ukikosea hapo, italia saa kumi na moja jioni, sekunde 20 tu, na asubuhi utalala mpaka jua likuamshe. Ijaribu kwanza: iweke dakika mbili mbele ya saa uliyonayo, uone kama inalia. Isipolia, alama iko upande usiofaa, au umesahau kuiwasha kwa kitufe cha kulia ukiwa kwenye ukurasa wa alamu. Kitufe hicho hicho hapo ndicho kinachowasha na kuzima mlio wa kila saa. Uzime kama unaingia ibadani.

Kitu kingine kinachowachanganya watu kiko kwenye saa ya kawaida. Kitufe cha kulia kikiguswa bahati mbaya, kioo kinahamia saa 24. Kwa aliyeipanga kwa Kizungu si neno. Kwa aliyeipanga kwa Kiswahili, namna ya kwanza, saa moja usiku inageuka 13:00, naye anaikimbilia kama saa saba mchana. Hakuna fundi anayehitajika; gusa tena irudi.

Jambo ambalo saa yoyote haitakupa, hata uipange vipi, ni jua lenyewe. Saa za Tanzania zinafuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na mstari huo haupiti nchini kabisa, uko mashariki ya pwani yetu. Arusha iko karibu nyuzi 36.7. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua la Arusha liko nyuma ya saa kwa kama dakika 33, na la Moshi kama dakika 31. Ndiyo maana saa kumi na mbili kamili asubuhi bado kuna giza giza: jua la Arusha huchomoza kati ya 12:10 hivi, mwanzoni mwa Novemba, na 12:40 hivi, Februari na Julai. Jioni nako huzama kati ya 12:24 na 12:54. Aliyeiweka mbele asije akafuturu kwa sababu kioo kimegeuza tarehe. Adhana ya magharibi iko mbele kwa dakika 24 au zaidi.

Mengine kwa haraka. Taa ni kijani, moja, upande wa kushoto wa kioo, na inaangaza kushoto zaidi kuliko kulia. Umeme ukikatika utasoma saa, ila sekunde utazikisia. Siku za juma zimeandikwa kwa herufi mbili za Kiingereza, na hakuna njia ya kuzibadili. SA ni Jumamosi, ambayo sisi tunaiita ya kwanza, mosi, baada ya Ijumaa. Na WE na TH ndipo Jumatano na Alhamisi, zenye tano ya Kibantu na tano ya Kiarabu zikifuatana. Kipima mbio kinakwenda mpaka dakika 59 na sekunde 59, kisha kinaanza upya bila kukuarifu, kwa hiyo hakifai kwa mazoezi ya zaidi ya saa moja. Saa haijui mwaka. Februari kwake ina siku 28 siku zote, na mwaka 2028 siku ya 29 Februari yenyewe itakuambia ni tarehe 1.

Usahihi ambao mtengenezaji anautaja ni sekunde 30 kwa mwezi, mbele au nyuma. Ndani kuna kijipande cha fuwele ya quartz kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kinapenda joto la karibu nyuzi 25. Likipanda au likishuka mbali na hapo, kinachelewa. Ndiyo maana saa inayovaliwa hushika wakati vizuri kuliko inayolala mezani kwenye baridi ya Julai: upungufu wa nyuzi 10 hugharimu kama sekunde 0.3 kwa siku, na kwa mwezi ni sekunde 9. Kidogo, lakini kipo.

Kuhusu maji, imeandikwa WATER RESIST bila namba ya mita. Maana yake ni kunawa mikono na mvua ya njiani. Ukienda kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, iache kwenye begi.

Betri inachukua kama miaka saba, na hapo ndipo saa nyingi nzuri hufia, mikononi mwa fundi mwenye haraka. Inayotakiwa ni CR2016: volti 3, kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 1.6. CR2032 ina kipenyo hicho hicho lakini unene wake ni milimita 3.2. Ukimwona fundi anaibana kwa nguvu ili mfuniko ufunge, mwambie aache, kwa sababu mfuniko utapinda na kioo kitavunjika kwa ndani. Kazi yenyewe ni fupi. Mfuniko wa nyuma unashikwa na skrubu nne ndogo za nyota. Bisibisi iwe ya saizi yake, la sivyo vichwa vinalika. Chini ya mfuniko kuna raba nyembamba ya kuzuia maji, na kuna springi ndogo sana iliyosimama kwenye tundu lake. Springi hiyo ndiyo inayopeleka umeme kwenye kengele iliyobandikwa mfunikoni. Ikiruka ikapotelea barazani, saa itakwenda vizuri ila haitalia tena kamwe, na mteja ataambiwa "alamu imekufa". Haijakufa, imepotezewa springi.

Betri mpya ikishakaa, kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Karibu na betri kuna kidoa cha chuma kilichoandikwa AC. Kiguse pamoja na uso wa juu wa betri kwa kibano, kama sekunde mbili, kisha achia. Bila hivyo saa inaweza kuonyesha vipande vya namba au kuganda, nawe ukaambiwa mashine imekwisha. Ukirudisha mfuniko, raba ikae kwenye mfereji wake isijikunje; iliyojikunja ndiyo inayoleta ukungu ndani ya kioo asubuhi za baridi. Kumbuka pia kwamba baada ya betri saa inaanza upya, na fundi ataipanga kwa Kizungu. Mpango wako wa Kiswahili utaurudisha mwenyewe.

Za bandia ni nyingi. Shikilia kitufe cha kulia sekunde tatu: halisi huandika CASIo kwenye kioo. Usiishie hapo, geuza nyuma utafute namba 593 iliyogongwa kwenye chuma, kisha washa taa. Ikiwa bluu au nyeupe, rudisha. Maandishi yaliyokwenda upande kwenye uso nayo yanatosha kukufanya uendelee na safari yako.

Kasoro ambayo hakuna mpango utakaoiponya ni kwamba F-91W inabeba saa moja tu. Ukiipa za Kiswahili, za Kizungu zinabaki kwenye simu. Anayehitaji zote mkononi, kwa mfano mpagazi au mwongoza watalii anayepokea wageni KIA, aangalie ndugu yake mkubwa, AE-1200WH: betri ya miaka 10, maji mpaka mita 100, na saa za miji ya dunia. Acha saa kuu kwenye za Tanzania, kisha kwenye miji ya dunia chagua Tokyo. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita kamili na haibadilishi saa kwa majira, kwa hiyo kwenye mfumo wa saa 12 inasoma saa za Kiswahili bila kukosea: saa moja asubuhi hapa ni 1:00 alasiri kule. Ukipenda tarehe igeuke asubuhi badala ya jioni, chagua Rio de Janeiro. Hata kwenye simu inafanya kazi, bila kununua chochote: fungua saa za dunia, ongeza Tokyo, zima mfumo wa saa 24.